Sanduku Moja, Ziwa Moja

...na hiyo ya nne hata haikuwa ya kushiba, alijiambia Sohair, mikono ameilaza juu ya meza ndani ya glovu mbili mbili, yule mtoto alishika ziwa akasinzia, akaachia, akashika tena kidogo, sasa na hiyo utaiita kunyonya, hiyo ni kuchezea tu, na sheikh wa redioni alisema waziwazi, mara tano, za kushiba, kila moja mbali na mwenzake, pungufu ya hapo hakuna udugu, hakuna haramu, watu waoane kwa amani, basi ni tatu, tatu na nusu, haya tuseme nne kwa hesabu ya mtu mwenye wasiwasi, na nne si tano, mashine inazunguka, taa ya kijani inawaka, ndani yake mna mirija midogo yenye unga wa meno ya watu wawili waliokufa zamani za mafirauni, na yeye hawezi kutoka mpaka mashine izime, ndiyo sheria ya chumba hiki, ukishaingia umeingia, umevaa suti nyeupe ya kukufunika kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, barakoa, miwani, kofia, ili mate yako na nywele zako visije vikaingia kwenye mfupa wa mtu wa miaka elfu tatu vikamfanya aonekane jamaa yako, jasho linamshuka puani na hawezi kulifuta, liache lishuke, leo jioni wanakwenda kusoma Fatiha ya Hazem, mwanawe wa pekee, wazee wa pande mbili wafunge neno la posa, na yule msichana, Maisa, huenda alinyonya ziwa lake, hili hili la kulia, hapa ndani ya suti, na duniani hakuna anayelijua hilo ila yeye na Mungu na bibi kizee mmoja aliyekwisha kufa... "Mama bwana harusi," sauti ya Lamis ilitoka kwenye kipaza sauti cha ukutani, Lamis msaidizi wake aliye upande wa pili wa kioo, binti mwenye maneno kuliko redio yenyewe, "simu yako huku kabatini inalia kama imefiwa, nimeipokea, ni Hazem, anauliza keki iwe ya ngazi mbili au tatu," na Sohair akabonyeza kitufe kwa kiwiko, "Mwambie amuulize baba yake," "Baba yake ndiye aliyemwambia akuulize wewe, kwani nyumbani kwenu hakuna mwanamume," na kicheko chake kikakwaruza ukutani, "Mbili," alisema Sohair, "mbili zatosha," na sauti yake mwenyewe ilimtisha kwa jinsi ilivyotoka ya kawaida, kumbe mtu anaweza kuwa na moto kifuani na mdomo wake ukakaa unapanga keki, kumbe hivi ndivyo watu wanavyoishi na mambo makubwa, wanayakalia tu, wanajibu simu, wanachagua ngazi mbili.

Mpaka Alhamisi iliyopita alikuwa mtu mwenye bahati, walipanda mtaa wa kilimani wa Muqattam, kwao Maisa, yeye na Mahrous mumewe na Hazem, Hazem amejimwagia manukato mpaka dereva wa teksi akafungua madirisha yote, Mahrous amebeba sinia la keki tamu za basbusa kana kwamba amebeba mtoto mchanga, wakapokewa, wakakalishwa kwenye viti vya dhahabu dhahabu ambavyo hakika havikaliwi ila na wageni, kisha Maisa akaingia na kahawa, hata tone halimwagiki, na Sohair alimpenda papo hapo, mapenzi ya ghafla ya kumshtua mwenyewe, akasema moyoni ndiyo furaha ya kupata mkwe, maskini mimi sikuzaa binti, akainua macho kumshukuru Mungu na macho yakatua ukutani juu ya televisheni, kwenye picha ya bibi kizee yenye utepe mweusi pembeni, jicho moja limelala, nukta tatu za chale kidevuni, akamtambua, akakirudisha kikombe mezani... "Huyo ni mama mkwe wangu, Hajja Tafida, Mungu amrehemu," alisema mama yake Maisa, Ragaa, mwanamke mcheshi anayechechemea, "huyo ndiye aliyemwokoa huyu binti yangu, siku ya tetemeko sisi tulikuwa Bulaq bado, mtoto ana wiki tatu, ukuta ukaniangukia mguu, nikaamkia hospitali sijui mwanangu yu hai au yu chini ya mawe, siku tatu nalia, kumbe bibi yake kampakata huko bustanini na watu waliokimbia nyumba, anamnywesha chai ya mbegu za yansuni na maji ya sukari kwa kijiko, na wallahi nilirudishiwa mtoto mnene kuliko niliyemwacha, mpaka leo nawaambia watu msiidharau yansuni," na wote wakacheka, Mahrous akacheka kuliko wote, akasema basi sisi tutawanywesha wajukuu yansuni mpaka wafike jeshini, na Sohair naye alicheka, hilo ndilo linalomtia hofu akilikumbuka, alicheka, meno yote nje.

Yansuni gani, hapakuwa na yansuni, hapakuwa na kijiko, hapakuwa na moto wa kuchemshia chochote, maduka yamefungwa, Bulaq nzima imelala nje juu ya mablanketi, ya nani ni ya nani hakuna anayejua, watu wanaogopa hata kuta, ukikohoa mtu anaruka, na yeye mke wa mwaka wa kwanza, Hazem wa miezi miwili mapajani, Mahrous amekwenda kuwatafuta wazazi wake, na woga ambao wanawake wengine uliwakausha maziwa, yeye ulimfungulia bomba, yalikuwa yanatoka yenyewe, nguo imelowa, aibu tupu, ndipo yule bibi wa jicho moja akaja na furushi linalolia, akapiga magoti, "Binti yangu, Mungu akuhifadhie mwanao, huyu mama yake yuko hospitali, mnyonyeshe kwa ajili ya Mungu," na nani angekataa, jiwe lenyewe lisingekataa, akamchukua, akampa la kulia kwa sababu la kushoto lilikuwa na Hazem, hiyo ni ya kwanza, usiku ule, ya kushiba, hiyo hana ubishi nayo, na ya pili alfajiri, adhana inatoka kwenye msikiti uliopasuka mnara, ya kushiba, na ya tatu mchana chini ya shuka, joto, mtoto anatoka jasho kwenye pua ndogo kama punje ya dengu, ya kushiba, ya nne usiku, ndiyo hiyo ya kusinziasinzia, na basi, hapo ndipo panapoishia, hapo kumbukumbu ina ukuta, na bibi kila mara akirudi kumchukua mtoto alikuwa anamnong'oneza, "Usimwambie mtu, nakuapia, mama yake ni mzazi mchanga, hajatoka arobaini, akisikia mtoto wake kanyonya kwa mwanamke mwingine maziwa yatamkauka," na Sohair, mwenye shahada ya elimu ya viumbe, aliyefaulu vizuri, ambaye angeweza kumchorea yule bibi ziwa la mwanamke kwa nje na kwa ndani, aliamini, ndiyo, aliamini kwa sababu mama yake aliamini na mama wa mama yake, si walimfungia mlango arobaini nzima ili mwanamke mwingine anayenyonyesha asije akaingia ghafla akamkausha maziwa, shahada ilikaa kimya ikaacha wakubwa waseme, akaficha, na mambo haya kwa desturi ni kinyume, ukimnyonyesha mtoto wa mtu unatangaza, unaita majirani, unasema sikieni nyote huyu sasa ni wangu, wanangu ni nduguze, mje mnikumbushe, lakini yeye alinyamaza ili maziwa ya mtu yasikauke, hakuuliza jina la mtoto, wala la mama, wala kichochoro, na baada ya hapo serikali ikawahamisha watu wa nyumba zilizopasuka, hawa Muqattam, hawa kwingine, mji ukawafunika.

"Dokta Sohair, uko hai humo?" na hii sasa ilikuwa sauti ya Dokta Gaber, mkuu wao, mtu mwema mwenye tumbo la mbele na haraka ya mtu mwembamba, "waandishi wako ukumbini wanamaliza biskuti zangu, nipe sentensi moja tu," na Sohair akasema, "Bado inazunguka," "Inazunguka, inazunguka, hata mimi kichwa kinazunguka, hii ni mara ya tatu, jibu litabadilika kwa sababu tumeliomba sana?" Maskini, alikuwa na sababu ya kuhangaika, maana wale wawili mwanamke na mtoto, mtoto wa miaka miwili hivi, walipatikana wamelala sanduku moja, kichwa cha mtoto juu ya mkono wa mwanamke, na kibao cha makumbusho kwa miaka mia kilisema Mama na Mwanawe, watoto wa shule wamepitishwa hapo wakaambiwa tazameni mapenzi ya mama, na Gaber mwenyewe kwa kimbelembele chake alikwisha kuliambia gazeti kwamba kipimo cha vinasaba kinakwenda kuthibitisha tu kile ambacho macho yanakiona, kisha kipimo kikakataa, si mama yake, si bibi yake, si mama yake mdogo, hakuna hata tone linalowaunganisha, wakapima tena, jibu likawa lile lile, na Gaber akamtazama Sohair kwa kicheko cha nusu, "Labda umemchafua wewe, mama Hazem, labda umempiga chafya," na ndiyo maana vinasaba vya kila mfanyakazi viko kwenye kompyuta, vyake navyo, vikalinganishwa, si vyake, mumia yuko safi, na sasa ni mara ya tatu kwa sababu mzee hataki jibu, na Sohair alimwonea huruma na kumcheka moyoni, mpaka alipojikuta anajiuliza, na wewe je, na wewe huu ni usiku wa ngapi unahesabu upya ukiomba hesabu ikupendelee... "Ninavyoona niandike ni wageni," Gaber alikuwa bado anasema, "makuhani wa baadaye walikuta maiti wametupwa na wezi wa makaburi, wakachanganya, mtoto wa watu wakamlaza kwa mwanamke asiyemhusu, kosa la ofisi, yalikuwako hata zama zile, unasemaje," lakini yeye alikuwa ameziona picha za eksirei, ameona bandeji ilivyopita, kitambaa kimoja kinapita mgongoni kwa mwanamke, kinakuja mbele, kinamzunguka mtoto, kinarudi, hakikukatwa popote, aliyewafunga aliwafunga siku moja na alijua anafunga nini, na kiganja cha mtoto, ule mkono mdogo wa mifupa kama njiti za kiberiti, hakikulazwa pembeni kama desturi, kimewekwa kifuani kwa mwanamke, na mkono hauwekwi hapo kwa mgeni, alijua tangu siku ya kwanza, neno lilikuwa ulimini, mama wa ziwa, mnyonyeshaji, wenye vyeo wote wa nchi hii walikuwa nao na wakiwaenzi, Musa mwenyewe si alipookotwa mtoni aliletewa wanyonyeshaji akawakataa mmoja mmoja mpaka akaletewa mama yake, mtoto yule alikuwa na akili, lakini Maisa hakukataa, Maisa alishika kwa mdomo wote... hapana, rudi, usiende huko, neno lilikuwa ulimini na hakulisema, sababu akisema mashine haioni maziwa atakuwa amelisema kwa midomo yake mwenyewe, atakuwa amelisikia.

Maana mashine haioni, hilo ndilo lililomfanya acheke peke yake bafuni usiku wa Ijumaa mpaka Mahrous akabisha hodi, chumba kizima hiki, hewa iliyochujwa, watu waliosomea ng'ambo, na kazi yake yote ya maisha ni swali moja, huyu na huyu ni nini kwa kila mmoja, na mtu akimletea glasi aliyonywea Maisa na glasi aliyonywea Hazem atapima na kupata jibu safi, hawa si chochote, waoane, na jibu litakuwa kweli tupu na litakuwa uongo, damu nzito kuliko maji wanasema watu, na maziwa je, mbona hakuna aliyeyapima uzito, yanaingia kwa mtoto yanakuwa nyama na mfupa, kisha yanapotea yasionekane tena, hakuna alama, hakuna shahidi, yupo yeye tu, na kichwa chake, na ndani ya kichwa hesabu iliyokatika kwenye nne... akampigia sheikh wa redioni, akabadilisha sauti kama mwizi, akasema ni habari ya jirani yangu, "Na kama mnyonyeshaji hakumbuki idadi, maulana?" na sheikh akasema kwa upole, "Shaka haijengi haramu, mama, kama hana yakini ya tano basi waoane na Mungu awabariki, lakini akiwa na yakini asiifiche, mwambie ataulizwa," na tangu hapo aliishika ile shaka kama mtu anavyoshika ukuta gizani, akailea, akaifunika isipate baridi, kila kumbukumbu ilipotaka kusogea kwenye asubuhi ya siku ya tatu aliinuka akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, akachambua dengu, akasoma aya, akampigia simu dada yake kuuliza bei ya bamia, chochote, ilimradi asifike pale, na kama hakuna kitu pale, Sohair, kama ni ukuta mtupu, mbona unaogopa kupatazama.

Kwa sababu nitasema nini, nimwambie nini Hazem, mtoto aliyekuwa hacheki, aliyekuwa akirudi kazini anakula amesimama na kujifungia chumbani, na tangu amjue Maisa anapiga mluzi bafuni, vibaya, bila tuni, mluzi wa kuua kasuku, na yeye Sohair husimama jikoni kuusikiliza, nimfungie mluzi ule mimi mwenyewe, atasema, mama, umekaa na hili tangu Alhamisi, umeniacha nikapime suti, atasema, siku zote hizo ulikuwa wapi, na Ragaa atasema leta ushahidi, atasema mama mkwe wangu alinywesha yansuni na wewe unamzushia marehemu, na majirani watasema hao ndio mama wa vijana wa pekee, hawataki mwanamke mwingine nyumbani, wivu umemtungia ndoto, na kweli, atatoa nini mezani, mwanamke wa vipimo asiye na kipimo, watamwamini vipi wakati yeye mwenyewe anaomba asijiamini, na akinyamaza, haya, anyamaze, nne si tano, Fatiha isomwe, keki ya ngazi mbili ikatwe, usiku wa harusi ufike, yeye alale wapi usiku huo, alalie ubavu gani, na mimba ije, na mtoto azaliwe, na kila mtoto akipata homa yeye atazame dari, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hili hata kifo hakiliumbui, atakwenda nalo kaburini, huko ndiko litakakomsubiri... jasho limefika mdomoni, la chumvi, moyo unapiga mpaka suti inasikika kuchakacha, na mbona meza inatikisika.

Ni mashine, ilikuwa mashine, mirija haikulingana uzito, upande mmoja umezidi kidogo, imeanza kulalamika, mtikisiko mdogo tu unaopita kwenye meza na kuingia mikononi, "Izime, imeyumba," sauti ya Lamis, au pengine ilikuwa "usiizime, itatulia," hakusikia vizuri, mtikisiko ulipanda kwenye viganja, kwenye viwiko, ukafika kifuani, na kifua kikaukumbuka kabla ya kichwa, ilikuwa asubuhi, ya tatu, jua limeshachomoza, bibi amekuja mbio na uso mwingine kabisa, uso wa furaha, jicho zima linatoka machozi, "Wamempata, mama yake yu hai, mguu tu, naenda naye sasa hivi, mpe ya njiani, binti yangu, mpe ya mwisho asilie kwenye basi," na Sohair alikaa juu ya ukingo wa bustani akamweka, la kulia, Hazem amelala kwenye shuka, na mtoto akavuta kwa nguvu kama aliyeambiwa kuna safari, na ndipo ardhi ikarudi, tetemeko dogo, la pili, la kumalizia, mawe ya ukingo yakatikisika chini ya mapaja yake, watu wote wakainuka wakipiga shahada, mwanamke mmoja akakimbia na sufuria, bibi akaanguka kifudifudi juu ya Hazem kumkinga, na yeye hakuinuka, hakuweza, kwa sababu mtoto hakuachia, dunia nzima inakimbia na kile kidomo kimeshika, kinavuta, kinameza, macho yake meusi yamemtazama yeye tu kana kwamba maadamu ziwa lipo hakuna kilichoharibika, na Sohair, ambaye siku tatu zote hizo alikuwa anatetemeka, aliacha kutetemeka, alimtazama yule mtoto ambaye yeye hakulijua jina lake na akasema, kwa sauti, anaisikia, alisema, Mungu wangu, huyu angekuwa wangu, na mtoto akanyonya mpaka akatosheka, akaachia mwenyewe, akacheua, maziwa yakamtoka pembeni ya mdomo, akalala, ameshiba, hakuna mtoto aliyewahi kushiba vile, na bibi akamchukua, wakaenda.

Tano. Hakulisema, lilikaa tu. Hakukuwa na ukuta pale, hapakuwahi kuwa na ukuta, palikuwa na yeye amesimama mlangoni amepanua mikono, na sasa amechoka ameishusha, na hofu ile ya siku zote, ile ya kuogopa kujua, ilimwachia ghafla ikamwacha mwepesi, na nyingine ikaingia mahali pake, hii iliyonyooka, yenye majina na sura, hii ya kwenda nyumbani na kumwita Hazem chumbani na kufunga mlango, kabla ya keki, kabla ya kuvaa, na kupanda Muqattam mapema, yeye na Mahrous tu, kumwambia Ragaa mbele ya picha ile, watukane, wasiamini, ale kiapo juu ya msahafu, lakini yakini imekwisha kuja na haina pa kurudi, na juu ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitegemea, kwa aibu yake kilikuwa karibu na furaha, kwamba ile Alhamisi mkono ulipoleta kahawa na moyo wake ukaruka hakuwa amempenda mkwe, mwili ulimjua mtu wake, kwamba jioni hii alikuwa ajipambe, avae dhahabu, amchukue mumewe na sinia la basbusa, akamposee mwanawe binti yake mwenyewe... "Imetulia," alisema Lamis, na kweli mashine ilikuwa imetulia, inazunguka kama mwanzo, kilichobaki ni kungoja, na Gaber akaingilia, "Dokta, sentensi yangu, wageni au siyo wageni?" "Siyo wageni," alisema Sohair, "usiandike wageni, mtoto alikuwa wake, ila tu hakumzaa," na upande wa pili wa kioo mzee akasema taratibu, "Na hilo tutalithibitisha kwa nini?" "Kwa walivyofungwa," alisema, "andika tumetazama walivyofungwa," na Lamis, asiyeweza kuacha kimya kikae, akasema, "Mama bwana harusi, samahani, Hazem amepiga tena, safari hii kampa simu mwenyewe bibi harusi, anataka kukusalimia, naiweka karibu na kipaza sauti, ongea, atakusikia," na kabla hajasema ngoja, kabla hajasema hapana, ukuta ukakwaruza na sauti changa ikatoka humo, mbali, yenye haya na kicheko ndani yake, "Shangazi Sohair, habari za kazi, Hazem ananicheka huku, nilitaka tu kuuliza, sijui kama ni adabu, naweza kuanza kukuita mama, au nisubiri Fatiha kwanza?" na Lamis nyuma yake akafanya oooh ya watu wa sinema, na Sohair alisimama na mikono juu ya meza, jasho linaingia machoni na hawezi kulifuta, akabonyeza kitufe kwa kiwiko, akakosa, akabonyeza tena.

"Niite," alisema. "Usisubiri Fatiha."

"Haya, mama," alisema Maisa, akacheka. "Tutaonana jioni basi."